Kioo Cheusi cha Papa Bisimwa

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mulima, harufu ile inaingia kwa dirisha langu bila kupiga hodi. Ni harufu ya chuma kilichoungua, kama vile mutu amekaanga misumari katika mafuta ya gari. Chini ya nyumba yetu hapa Kadutu kuna kijana anaitwa Déo, anatengeneza milango na madirisha ya chuma, na kazi hiyo anaifanya amevaa miwani ya jua, ile ile anayoivaa akienda harusini. Nikisikia tu tsssss, mimi ninageuza uso na kuangalia ukuta. Wajukuu wangu wanacheka. Wanasema, "Koko anaogopa nyota," koko ndiyo bibi yao, mimi. Ninawaacha wacheke. Masomo yangu yaliishia kalasi ya tatu, lakini jambo hili la macho na moto nililisoma mapema sana, na nitawaambia nyinyi munaosoma hapa jinsi nilivyolisoma, kwa sababu wale wanaocheka hawajaniuliza bado.

Papa wangu aliitwa Bisimwa, mutoto wa Cirhuza wa kule Nyantende. Aliacha jembe la baba yake akiwa kijana, akashuka muji, akapata kazi katika garage ya muzungu mumoja karibu na ziwa. Huko alijifunza sudure, kazi ya kuunganisha chuma na chuma kwa moto wa umeme, na kwa sababu ya mwanga ule uliokuwa ukirukaruka mikononi mwake, watu wa Kadutu walimupa jina: Radi. Hata watoto walimusalimu hivyo, "Asinge, Papa Radi," naye aliitika bila kukasirika. Nyumbani hakuwa radi hata kidogo. Alikuwa mutu wa sauti ya chini, aliyekula polepole na kufunga viatu vyake polepole, na neno moja alilopenda kulirudia lilikuwa hili: "Moto wa kuni unaunguza mukono, na mukono unajua kukimbia. Moto wangu unaunguza macho, na macho hayana miguu."

Maski yake, ile aliyofunikia uso, ilibaki garage, imening'inia kwa musumari wake. Lakini kioo cha maski hakikubaki. Katika garage nzima kilikuwa kimoja tu, na cha pili kingetoka mbali, Usumbura, ndivyo tulivyoita Bujumbura wakati ule. Kwa hiyo kila jioni Papa alikitoa, akakifunga ndani ya kipande cha kikwembe cha zamani, kitenge kilichochakaa, akakiweka katika mufuko wa shati upande wa moyo, na kupanda nacho Kadutu. Kilikuwa kama kadirisha kadogo, upana wa vidole vitatu, urefu wa kiganja. Mbele kulikuwa kioo cheupe cha kawaida, cha kupokea cheche. Nyuma yake kulikuwa kioo chenyewe, cheusi kuliko usiku wa mvua. Vyote viwili vilishikwa pamoja pembeni kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, tulioita shaterton. Na kazi ya kukipanguza kila jioni ilikuwa yangu. Tulikuwa watoto watano, lakini Papa alisema, "Nsimire ndiye mwenye vidole vyepesi." Nilikuwa na miaka kama tisa, na neno hilo lilinipandisha kichwa kuliko taji la malkia.

Sasa, ukikiweka kioo kile machoni na kuangalia mutu, humuoni. Huoni nyumba, huoni mugomba, huoni hata mukono wako. Lakini ukiangalia jua, unaliona: duara ndogo ya kijani, tulivu, kama limau lililotulia ndani ya maji. Jua lile ambalo katekista wetu alitufundisha kwamba hakuna jicho la mutu linaloweza kulitazama, mimi nililitazama na kulimaliza. Na kitu cha namna hiyo, mutoto anawezaje kukaa nacho peke yake?

Siku ya Mungu moja, baada ya misa, Papa alikuwa amelala, naye Maman, jina lake Nabintu, alikuwa ameenda kuchota maji. Nilikitoa kioo mufukoni mwa shati la Papa, nikatoka nacho nyuma ya nyumba. Walikuwako Faida wa Ma Régine, Cikuru mwenye kovu la paji la uso, Bahati na dada yake Zawadi, na Ntakwinja, yule aliyekuwa hajui kufunga kinywa. Kila mumoja alilipa ili aangalie jua. Faida alileta mapera mawili, Cikuru kiazi cha kuchoma, Zawadi alikuwa hana kitu akanisuka nywele upande mumoja. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe kama bibi wa chefu wa kijiji. Ntakwinja alipopewa zamu yake alikataa kukirudisha. "Ngoja, jua linanikonyeza," alisema. Nikavuta. Yeye akavuta. Mimi nikavuta kwa nguvu zaidi, naye akaachia.

Kilianguka kwenye jiwe lile lile nililokuwa nimelikalia. Kioo cheupe hakikupata kitu. Cheusi kilivunjika vipande vinne.

Wenzangu walitoweka kama panya walioona taa. Hata Ntakwinja alifunga kinywa siku ile, na mimi ninajua hakukifungua tena juu ya jambo hilo mupaka alipoolewa Bunyakiri. Nilibaki peke yangu. Mimi nilijua kioo kile ni nini. Wakati ule, mufanyakazi aliyepoteza chombo cha patron, muzungu mwenye garage, alifukuzwa siku ile ile, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kambi ya wafanyakazi: kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jamaa ya Papa Zihindula wakibeba vitanda vyao kichwani sababu ya bisibisi mbili.

Basi nikafanya akili ya mutoto. Karibu na nyumba ya masomo kulikuwa vipande vya kioo cha dirisha lililovunjwa na upepo. Nikachagua kimoja chenye ukubwa wa kukaribia, nikagonga pembe zake kwa jiwe mupaka kikafanana na kile cha Papa, ila upande mumoja kilikuwa kifupi kwa nusu ya kidole. Nikarudi nyumbani, nikawasha taa ya petroli, nikainua utambi mupaka ukatoa moshi mweusi, na nikakipitisha kioo changu juu ya moshi ule, huku na huku, kama vile unavyoona mutu akikausha samaki. Kikawa cheusi. Kikawa cheusi kweli kweli. Nikakigeuza upande wa masizi ukaangalia kioo cheupe, ili masizi yakae katikati na yasimuchafue mutu, nikakisukuma kwa vidole mupaka kikaingia vizuri, nikalaza kioo cheupe juu yake, nikazungusha shaterton mara mbili pale palipokuwa pafupi. Nilipomaliza, ungeapa ni kile kile. Vile vipande vinne nilivizika chini ya mugomba. Jioni Papa aliniuliza, "Umepanguza?" Nikasema ndiyo. Akakifunga bila kukiangalia, kwa sababu kwa nini aangalie? Ni Nsimire aliyepanguza.

Mimi nilifikiri hivi: cheusi ni cheusi. Wangapi kati yenu mungefikiri vingine?

Juma-tatu Papa alitoka mapema sana. Kulikuwa lori la Bwana Saidi, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mufanyabiashara wa Uvira aliyekaa Kadutu na wake zake na mama yake. Lori hilo lilivunjika mugongo likitoka Sange na mzigo wa muchele, na patron alitaka lishonwe siku ile. Nilimusikia Papa akikohoa inje, nikasikia viatu vyake vikishuka njia, na mimi nilikuwa nimelala chini ya shuka macho wazi. Mara tatu niliamka ili nimukimbilie. Mara ya kwanza nilifika mulangoni. Mara ya pili nilifika kwenye muparachichi. Mara ya tatu nilifika kwenye njia, nikamuona mbali kule chini, mudogo kama punje ya mutama, nikarudi.

Saa sita Maman alinituma kumupelekea chakula, bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kimefunikwa kwa jani la mugomba. Nilikuta lori katikati ya uwanja, Bwana Saidi amekaa juu ya gunia akizungusha tasbihi, na patron amesimama na masharubu yake ya njano ya tumbaku, mikono nyuma. Papa alikuwa chini ya lori. Niliona jambo moja lililonitisha: alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama kuku anayesikiliza, anaangalia kazi yake kwa kona, na kila mara anaiinua maski, anaangalia, anaishusha. Alikuwa hafanyi hivyo kamwe.

Alipotoka kula macho yake yalikuwa mekundu kidogo na yenye maji, lakini alicheka aliponiona. Akapokea sahani. Halafu akachukua mukono wangu wa kuume, akaugeuza, akaangalia ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja, kwa muda murefu. Chini ya kucha kulikuwa bado na weusi.

"Umenawa mikono, Nsimire?"

"Ndiyo, Papa."

"Vizuri. Rudi nyumbani. Na usiseme na mutu njiani."

Nilipanda Kadutu nikikimbia, na nusu yangu ilikuwa inaimba. Alikuwa anaona. Alikuwa amecheka. Moshi wangu ulikuwa umefaulu.

Moto ule, banangu, haulipizi mara moja. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya. Unaumwa nao asubuhi, unakula vizuri, unacheka, nao unakuja kudai jioni. Ilipofika saa kumi nilisikia lori likisimama juu ya njia. Bwana Saidi alikuwa anashuka polepole, amemushika Papa mukono, na Papa alikuwa amefunga macho na kitambaa, anapapasa hewa kwa mukono mwingine. Kelele za watoto zilinyamaza nyumba kwa nyumba kadiri walivyopita.

"Mama Nsimire, pokea mtu wako," alisema Bwana Saidi, kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Macho yamekula moto. Kazi ameimaliza, lori langu linatembea, lakini yeye, kama uonavyo."

"Ataona tena?" aliuliza Maman.

"Mungu ndiye ajuaye. Patron asema akifika Alhamisi na macho, kazi yake ipo. Asipofika, yupo mwingine anayengoja."

Papa, mutu wa sauti ya chini, alilia kama mutoto mudogo. Alisema ni kama mutu amemutia muchanga na pilipili chini ya kope, kisha anasugua. Maman akamulaza katika chumba cha nyuma, akaziba dirisha kwa mukeka. Mimi nilisimama mulangoni, na kitu nilichokiona hakikuwa Papa. Niliona muzee Lushombo, kipofu wa mulango wa soko, na mujukuu wake Mapendo anayemuongoza kwa fimbo, kila mumoja ameshika upande wake. Mapendo alikuwa wa umri wangu. Hakuwa anacheza kamwe. Nikaanza kuitafuta fimbo ile kwa macho katika nyumba yetu.

Kwetu kila mutu alijua dawa ya macho ya sudure: maziwa ya mama anayenyonyesha. Na Maman alikuwa na sheria yake zaidi, aliyoitoa kwa mama yake: kama macho ni ya mwanaume, maziwa yawe ya mama aliyezaa binti. Mutoto wetu wa mwisho alikuwa ameacha ziwa. Katika njia yetu nzima mwenye binti mudogo alikuwa mumoja tu, Bi Zaituni, bibi mudogo wa Bwana Saidi, na binti yake Mwajuma wa siku hamsini. Tatizo ni kwamba Maman na Bi Zaituni walikuwa hawasemezani tangu mvua iliyopita, sababu ya mufereji uliokuwa unaleta maji machafu ya kwao mulangoni kwetu. Walisalimiana kwa kidevu tu. Maman akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Nenda wewe," alisema. "Mutoto hana mufereji."

Nilivuka njia na kikombe cha bati mikononi. Bi Zaituni alikuwa amekaa kwenye jamvi, Mwajuma kifuani, na pembeni mama mukwe wake, Bi Mwanaisha, muzee sana, anachagua muchele. Nilieleza nikiwa ninaangalia chini. Bi Zaituni alikuwa kijana, nafikiri hakuwa amefika miaka ishirini. Alishika kinywa akicheka.

"Makubwa haya. Papa Radi na ndevu zake anywe ziwa langu? Si atakuwa mwanangu basi? Na nikitaka kumtahiri, nani ataniruhusu?"

Lakini alimuangalia mama mukwe, na nikaona kicheko kilikuwa na swali ndani yake. Kwao Waislamu, mutoto wa mwingine ukimunyonyesha amekuwa wako. Anakuwa ndugu wa watoto wako, hawawezi kuoana tena. Si jambo la muchezo. Bi Mwanaisha aliendelea kuchagua muchele wake. Alitoa jiwe moja, akalitupa inje. Akatoa la pili. Ninakumbuka nilihesabu mawe: matano.

"Jicho halina tumbo," alisema mwishowe. "Ziwa linaloosha halilei. Mkamulie mtoto, Zaituni. Na wewe, mwambie mamako ule mfereji tutauchimba upya, si sababu ya maziwa, sababu unanuka."

Siku tatu nilivuka njia ile, asubuhi na jioni. Maman alidondosha maziwa kwa kona ya jani laini, na Papa alishika kitanda kwa mikono miwili. Na ilikuwa mimi niliyemuongoza kwenda choo. Aliweka mukono wake juu ya bega langu, mukono ule muzito wenye alama za cheche, na alinifundisha kuhesabu hatua ili asiwe anauliza kila mara. Kutoka mulango mupaka muparachichi, kumi na saba. Kutoka muparachichi mupaka choo, tisa.

Sikuweza kula. Maman alifikiri ni homa, akanipikia uji, na wema wake ulinichoma kuliko fimbo. Maneno yake ya kila siku, "Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamutangaza," nilisikia sasa kana kwamba ameyaelekeza kwangu. Jioni ya siku ya pili, tukiwa tunarudi, nilisimama pale kwenye muparachichi, mugomba ulipo kando yake, juu ya vile vipande vinne kabisa.

"Papa, kile kioo..."

Mukono wake ulibonyeza bega langu.

"Hatua ngapi mupaka mulangoni?"

"Kumi na saba. Papa, kile kioo, siku ya Mungu..."

"Hesabu tena. Mimi ninaona umekosea moja."

Tukahesabu. Zilikuwa kumi na saba. Tulipofika mulangoni Maman alikuwa amesimama pale, na maneno yakarudi tumboni. Nilifikiri Papa hakusikia. Nilifikiri maumivu yamemuziba masikio. Nililala nikisema kesho, na kesho haikuwa na nafasi.

Alhamisi, kuku walipoanza tu, Papa alikaa kitandani akasema, "Toa mukeka kwenye dirisha." Maman hakutaka. Alisema tena, polepole. Nilikuwa nimejibana nyuma ya mulango, ninauma kikwembe cha kulalia. Mwanga uliingia. Papa alitoa kitambaa, akafunika uso kwa mikono, akafungua vidole kidogo kidogo kama mutu anayechungulia kisima. Machozi yakamutoka. Akageuza uso kwa Maman. Halafu akasema:

"Nabintu, kikwembe chako umekivaa ndani-inje."

Maman alijiangalia, na ilikuwa kweli, akakaa chini akacheka, akalia, akamupiga Papa begani, akacheka tena. Mimi nilitoka kwa mulango wa nyuma nikakimbilia chini ya mugomba.

Papa alienda kazini siku ile ile, na kadirisha kale kamefungwa katika kikwembe. Nilijiambia, leo patron atakifungua, leo wataona. Jioni alirudi. Hakuna vitanda vilivyotoka. Lakini kuanzia siku ile hakuunganisha chuma tena kwa muda murefu. Aliosha malori kwa sabuni na ndoo, alifagia uwanja, yeye fundi mukubwa, pamoja na vijana walioingia kazini jana. Watu wa Kadutu hawana huruma ya bure. Walisema, "Radi imegeuka mvua," na Papa aliitika kama alivyoitika zamani. Mimi nilifikiri anapumzisha macho. Kisha, musimu wa mvua ulipokuwa unaisha, alirudi jioni moja na kitu katika mufuko wa shati, upande wa moyo. Alikaa, akafungua kiatu cha kwanza polepole, akafungua cha pili. Akaniita mbele ya ndugu zangu wote, akaniwekea kioo kipya katika viganja. Kilikuwa bado na harufu ya mafuta ya huko kilikotoka.

"Panguza," alisema. "Haya ndiyo macho yangu. Mengine sina."

Nilikipanguza kila jioni mupaka nilipoolewa. Hakikupata hata mukwaruzo. Sikukitazamia jua tena.

Miaka mingi baadaye infirmiye mumoja, muuguzi wa hospitali, aliniambia kwamba maziwa yale hayakumuponya Papa, na tena ni vibaya kutia kitu kama hicho machoni. Jicho lililoungua hivyo, likipata giza na kupumzika, mara nyingi linapona lenyewe kwa siku mbili tatu, na lisipopona ni daktari. Nilimuamini, ni mutu aliyesoma. Lakini mufereji ulichimbwa, na Maman na Bi Zaituni walikaangia mikate pamoja mupaka kifo kilipowatenganisha.

Papa Bisimwa alikufa muzee, akiwa bado anaweza kuingiza uzi katika sindano. Siku ya kugawa vitu vyake nilifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya cheti cha ubatizo, kulikuwa kipande cha kikwembe nilichokijua. Ndani yake kulikuwa kadirisha kale. Kioo changu. Shaterton ilikuwa imenywea kwa moto upande ule uliokuwa mufupi, ikaacha pengo ambalo mwanga unapita wazi. Nilikiinua kuelekea dirisha. Na pale katikati, mahali nilipoyasukuma masizi ili kioo kiingie, kulikuwa na alama nne nyeupe, safi, zenye misitari yake yote: vidole vitatu na dole gumba. Vidole vya mutoto.

Bwana Saidi, ambaye naye alikuwa amebaki mifupa na ndevu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wafiwa. Nikamuonyesha. Hakushangaa.

"Nilikuwapo," alisema. "Alipopiga moto wa kwanza alirudi nyuma kama aliyeumwa na nyuki. Akatoa kioo hicho, akakielekeza juani, akakitazama. Patron akamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, patron. Akakirudisha, akainama. Alhamisi akamwambia patron kwamba kioo amekivunja yeye mwenyewe, akiwa mlevi. Patron hakumfukuza, kwa kuwa lori langu lilishatembea; akamshusha kwenye ndoo na ufagio, na kioo kipya kikakatwa mshaharani mwake. Na babako, mwanangu, pombe alikuwa haigusi."

Basi niliketi chini, na siku zile zote zikanipitia tena, moja moja, zikiwa zimegeuzwa. Mukono wangu akiuangalia saa sita. Hatua kumi na saba ambazo hazikuwa na kosa. Ndoo na ufagio. Nilikuwa nimebeba siri yangu maisha yote kama mutu anayebeba maji kichwani akiogopa tone moja, kumbe yule niliyemuficha alikuwa ametembea kando yangu akishika mutungi.

Juma lililopita nilishuka polepole mupaka kwa Déo, kioo kikiwa katika kikwembe chake. Nikamwambia atoe miwani ya harusi akitazame kuelekea mwanga. Alikitazama. "Koko, hivi ni vidole vya mutoto gani?" Nikamueleza kila kitu, na jina la kila mutu. Alinirudishia kioo, akasema maski nzuri atanunua mwisho wa mwezi. Nikamujibu kwamba nitakaa pale kwenye jiwe la mulangoni pake mupaka mwisho wa mwezi. Alicheka, akaona sicheki, akazima mashini, akaenda kuazima maski ya mwenzake wa ng'ambo.

Nilipobaki peke yangu niliweka dole gumba langu juu ya ile alama. Halikuingia. Limekuwa kubwa, limepinda, ni dole la muzee. Nikakifunga tena, nikakirudisha mufukoni, upande wa moyo, na kila jioni, hata kama hakuna anayeniuliza, ninakipanguza upande wa inje tu.